Nta Inayomkinga Bakteria wa Kifua Kikuu

Mbegu ya alizeti kutoka shamba lolote la Ufipa, ikipondwa juu ya karatasi, huacha doa lipitishalo nuru ambalo halikauki kama maji. Doa hilo ni lipidi, yaani jamii ya mafuta na nta: vitu visivyoyeyuka katika maji, bali katika vimiminika kama kloroformu na etha. Viumbe vyote vina lipidi. Hata hivyo, bakteria wa kifua kikuu, aliyetangazwa na Robert Koch mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, amezirundika kwa wingi katika ukuta wa seli yake, na humo ndimo ulimo ukaidi wake.

Lipidi hizo hutolewaje? Kwanza bakteria hukuzwa maabarani kwa majuma kadhaa, kisha huuawa kwa joto ili mpimaji asiambukizwe. Seli zilizokufa hutikiswa katika mchanganyiko wa kloroformu sehemu mbili na methanoli sehemu moja. Lipidi zilizo huru huyeyuka. Zilizofungwa kikemia katika ukuta hubaki. Ili kuzifungua, mabaki hupashwa moto pamoja na alkali, kisha hutiwa asidi, na lipidi huchukuliwa kwa etha.

Uchambuzi hufanywa kwa kromatografia. Tone la lipidi huwekwa karibu na ukingo wa chini wa bamba lililopakwa unga laini wa silika. Kimiminika hupanda katika unga huo kikiibeba kila lipidi kwa mwendo wake. Madoa yanayopatikana hulinganishwa na ya lipidi zinazojulikana.

Mwaka 1938 wanakemia wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, akiwamo R. J. Anderson, walitenga kwa njia za kikemia asidi ya mikoliki. Molekuli yake ina atomi 60 hadi 90 za kaboni, ilhali asidi nyingi za mafuta ya alizeti zina 18 tu. Minyororo hiyo mirefu hufanya ukuta mzito wa nta unaozuia dawa nyingi kupenya. Dawa ya isoniazidi, iliyoanza kutumika mwaka 1952, hufanikiwa kwa sababu huzuia utengenezaji wa asidi hiyo.

Nta hiyo hiyo humfichua bakteria. Katika maabara za hospitali, ziwe za Sumbawanga au Dar es Salaam, makohozi yaliyopakwa kiooni hutiwa rangi nyekundu ya kabolifuksini na kupashwa moto. Yakioshwa kwa asidi na alkoholi, bakteria wengine hupoteza wekundu. Huyu hubaki nao, akaonekana katika hadubini kama kijiti chekundu.

Ndugu yake, Mycobacterium bovis, huwashambulia ng'ombe na humfikia mtu kwa maziwa mabichi. Sumbawanga iko zaidi ya meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji huchemka huko kwenye nyuzi 94 hivi za Sentigredi. Kiwango hicho chatosha: nyuzi 72 kwa sekunde 15 humwua bakteria huyo. Mfugaji achemshaye maziwa ameishinda nta. Na mwenye kikohozi cha majuma mawili asichelewe kupeleka makohozi yake kupimwa.

Maswali
1. Kwa nini kloroformu na methanoli pekee hazitoi lipidi zote za ukuta?
2. Eleza kwa nini joto huhitajika wakati wa kutia rangi nyekundu.