Nasaba na Nyaraka Zake: Nakala Kumi si Mashahidi Kumi



Siku hizi watu wetu wengi, walioko Mombasa, Lamu na Malindi na walioko Muscat, London na Toronto, wanatafutana kwa nasaba. Waraka wa babu hupigwa picha kwa simu, ukatiwa katika WhatsApp, na kabla ya Isha umefika nchi nne. Kesho yake jina lililosomwa humo limeshaingia katika miti ya nasaba iliyo kwenye intaneti. Jambo hili lina kheri, kwani asiyewajua jamaa zake hawezi kuwaunga. Lakini khabari haiwi kweli kwa sababu imeenea. Somo letu la leo ni hili: waraka wa ukoo hutajwaje, na huenezwa kwa masharti gani?

Kanuni yake si ngeni kwetu. Wanazuoni wa hadithi hawakutosheka kuuliza yaliyosemwa, bali waliuliza pia: umeyapokea kwa nani, naye kwa nani? Khabari ikisimuliwa na watu mia, nao wote wakawa wameipokea kwa mtu mmoja, basi asili yake ni mtu mmoja.

Mfano tunao katika taarikh ya Pate. Stigand aliitoa kwa Kiingereza mwaka 1913, Alice Werner akaipiga chapa kwa Kiswahili pamoja na tafsiri mwaka 1915, na nuskha nyingine ziliandikwa kwa mkono. Mwenye kuzitazama juu juu atasema mashahidi ni wengi. Lakini wataalamu walipozifuatia waliona kwamba nyingi katika hizo zarejea kwa mzee mmoja wa nyumba ya Nabahani, aliyejulikana kwa jina la Bwana Kitini; tena hazikubaliani katika majina yote wala miaka yote. Hatusemi kwamba mzee huyo alikuwa mwongo. Twasema kwamba alikuwa mmoja. Na nasaba ya nyumbani ni vivyo hivyo: ikinakiliwa katika kurasa kumi kutoka daftari moja la ami, nakala ni kumi na shahidi ni mmoja.

Taarikh ya Kilwa nayo yatufundisha jambo la pili. Iko nuskha ya Kiarabu iliyonakiliwa Unguja mwaka 1877, ambayo imehifadhiwa katika British Library mjini London. Na iko khabari aliyoichapisha Mreno João de Barros mwaka 1552. Orodha za wafalme katika hizo mbili zatofautiana. Basi mwenye kusema tu kwamba taarikh ya Kilwa imesema kadha wa kadha, hajatuambia kitu mpaka ataje ni ipi.

Kwa hivyo, mwenye kutaja waraka wa ukoo yampasa ashike mambo manne.

Kwanza, aseme alichokiona ni nini: ni asili, ni nakala, ni tafsiri, au ni maneno ya mzee yaliyoandikwa baadaye. Ataje mwandishi akijulikana, mahali, tarehe, aliye nao leo, na aliyeusoma.

Pili, tarehe ya Hijra iandikwe kama ilivyo, na ya miladi iwekwe kando yake. Mwaka 1300 wa Hijra ulianza Novemba 1882, na miezi yake mingi iliangukia 1883. Mwenye kuugeuza "1882" bila ya mwezi amekisia, na atakayemfuata atadhani ni hakika.

Tatu, majina yasomwe kwa hadhari. Wazee wetu walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu mara nyingi walitumia herufi ya ba kwa b, p na mb. Lionyeshwe jina lilivyoandikwa, kisha aseme yeye amelisomaje.

Nne, picha ichukue ukurasa mzima, pambizo, mihuri na mgongo wa karatasi. Wala asithubutu mtu kupitisha wino mpya juu ya herufi zilizofifia.

Ama kueneza, hilo ni amana nyingine. Katika masanduku yetu mna wasia, madeni, talaka, wakfu, na hati za kuacha huru watumwa. Hali ya utumwa iliondolewa katika sheria Unguja mwaka 1897, na katika pwani yetu ya Kenya mwaka 1907. Wajukuu wa waliomiliki na wa waliomilikiwa leo ni majirani, na wengi wao ni damu moja. Hati kama hiyo, kwa anayemtafuta bibi yake, huenda ndipo mahali pekee jina lake lilipoandikwa. Na kwa mwenye chuki ni fimbo ya kumpigia jirani. Basi tusiitupe barazani, bali tuwaendee kwanza wale ambao wazee wao wametajwa humo, tuwape nakala kamili, na shauri la kuieneza liwe lao pamoja nasi. Majina ya walio hai na siri zao yafichwe.

Lakini kusitiri si kughushi. Wako wanaokata picha ili jina la mama aliyekuwa mtumwa lisionekane, kisha wakaonyesha nasaba safi ya mababa watupu. Hiyo ni khiyana kwa mama aliyewazaa. Ikiwa pana aibu katika waraka ule, ni ya aliyemiliki, si ya aliyemilikiwa. Na Surat al-Hujurat, aya ya 13, yatufunza kwamba tumejaaliwa mataifa na makabila ili tujuane; haikufanya kabila kuwa kipimo cha utukufu.

Katika FamilySearch mti ni mmoja kwa wote, na aliyejiandikisha aweza kubadili khabari za waliokufa. Kosa la mmoja huwa kosa la ukoo mzima. Kila jina tulitialo humo lifuatane na waraka wake. Na lisilo na waraka tuandike wazi kwamba ni masimulizi, na ya nani. Wazee wangalipo wa kuulizwa. Tuwaendee kabla masanduku hayajabaki bila ya wenyewe.

Wabillahi tawfiq.