SOMO: NDUI NA JAMAA ZAKE



Siku za kupima watoto tunasikia swali hili: "Munganga, hii chanjo ya mpox inatoka kwa nyama. Haitaharibu mtoto wangu?" Swali ni zuri. Tulijibu polepole.

1. Virusi vya jamaa moja

Virusi ni vijidudu vidogo sana, jicho haliwezi kuviona. Virusi vya ndui, vya ndui ya ng'ombe, vya ndui ya farasi na vya mpox ni kama wajukuu wa babu mmoja. Kila mmoja ana tabia yake, lakini sura zinafanana. Mwili uliojifunza kupigana na mmoja unaweza kumtambua ndugu yake pia.

Mwaka 1796, huko Uingereza, munganga Edward Jenner alichanja mtoto kwa usaha wa ndui ya ng'ombe. Mtoto yule akakingwa na ndui. Jenner alifikiri kwamba ugonjwa ule wa ng'ombe ulitoka kwanza kwa farasi. Mwaka 2017 wachunguzi walipima chanjo ya ndui iliyotengenezwa Marekani mwaka 1902. Waliona virusi vyake vinafanana sana na vya ndui ya farasi!

Chanjo ya namna hii ilimaliza ndui duniani, na ushindi ulitangazwa mwaka 1980. Chanjo ya mpox iliyoanza kutolewa Goma, Oktoba 2024, ni ya jamaa hiyohiyo. Virusi vyake vimedhoofishwa, haviwezi kuzaana ndani ya mwili wa mtu. Basi haimpi mtoto ndui wala mpox.

2. Kwa nini mpox imerudi na nguvu?

Mtu wa kwanza kujulikana na mpox alikuwa mtoto wa miezi 9, huko Basankusu katika Équateur, mwaka 1970. Kisha, ndui ilipokwisha, watu waliacha kuchanjwa. Waliozaliwa nyuma ya hapo hawana kinga ile ya wazee.

Tena virusi vinabadilika. Ukinakili wimbo katika kayé, na mwenzako akinakili kwako, makosa madogo yanaingia. Kwa kufuata makosa yale unaweza kujua nani alinakili kwa nani. Wachunguzi wanafanya vile na virusi. Hivi walijua matawi ya mpox. Tawi moja mara nyingi lilitoka kwa nyama wa pori likaingia nyumbani. Tawi lingine, Ib, lilionekana Kamituga, Kivu ya Kusini, tangu mwaka 2023. Alama zake zinaonyesha kwamba linapita kutoka mtu hadi mtu. Mwaka 2024 lilifika Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya.

Kwa hiyo milango ni miwili, na mama anapaswa kufunga yote miwili.

3. Mama afanye nini?

– Usiguse nyama wa pori aliyekutwa amekufa au mgonjwa. Watoto nao wasichezee. Nyama ya kula iive kabisa.
– Mtoto akiwa na homa, matezi yaliyovimba, kisha vipele vyenye maji au usaha, usiseme tu "iko surua". Mpeleke upesi kwenye kituo cha afya.
– Mgonjwa alale peke yake. Asitumie shuka, nguo au kitambaa pamoja na wengine. Anayemhudumia anawe mikono kwa sabuni kila mara.
– Mgonjwa anaweza kuambukiza mpaka magamba yote yaanguke na ngozi mpya itokee. Mara nyingi ni juma 2 hadi 4.
– Kama unanyonyesha na umepata vipele, usiamue peke yako. Uliza munganga mara moja.
– Uliza kama chanjo ipo kwenu na ni ya umri gani.

Ugonjwa huu unapita pia katika tendo la ndoa, kwa hiyo wengine wanaona haya na kujificha. Mama, usifiche. Si uchawi, wala si laana. Anayejificha anaweza kuambukiza mtoto aliye mgongoni mwake, na mtoto mdogo anaweza kufa. Mungu ametupa watoto hawa kuwalinda, haya isituzuie.

Maswali ya kuongea pamoja:
1. Kwa nini chanjo ya jamaa moja inakinga na ugonjwa wa ndugu yake?
2. Mpox inaingia nyumbani kwa milango gani miwili?
3. Mgonjwa anaacha kuambukiza wakati gani?