SOMO LA MWEZI: PETE YA MHURI IKO MKONONI MWA NANI?

Masomo: 1 Wafalme 21:1-16, Esta 8:8

Tulikuwa tumeahidi kuendelea na somo la maombi, lakini jambo lililoipata nyumba moja ya kanisa letu limetufanya tuliweke kando kwanza.

Mkisoma habari za Nabothi mtaona kwamba Yezebeli hakuwa na jeshi wala upanga mkononi. Alikuwa na mhuri wa Ahabu. Aliandika barua kwa jina la mfalme, akazipiga mhuri, na wazee wa mji wakafanya kama walivyoandikiwa. Hakuna aliyeuliza ni mkono wa nani umeshika kalamu. Mhuri uliwatosha, na Nabothi akafa. Katika Esta tunaambiwa jambo la pili: barua iliyoandikwa kwa jina la mfalme na kupigwa mhuri kwa pete yake haikuweza kutanguliwa.

Sasa tuje kwenye makazi yetu. Miezi michache iliyopita alikuja mtu kutoka mjini, amevaa vizuri, anajua Maandiko. Aliuza kadi za plastiki zilizoandikwa “pochi ya bitcoin”, shilingi 20,000 kila moja. Kwenye kadi kulikuwa na anwani ya kupokelea pesa, na pembeni ufunguo wa siri uliofunikwa na ile rangi ya fedha ya kukwaruza. Mama mmoja mjane alinunua. Ndugu yake aliyehamishiwa Kanada akatuma kidogo kwanza, dola 10, kwa kujaribu. Zilikaa wiki mbili salama. Ndipo akatuma dola 180 za mtihani wa kijana wake. Asubuhi ya pili hazikuwepo. Mama alikuja kwetu na kadi mkononi, rangi haijaguswa hata kwa ukucha, akauliza: “Mchungaji, mwizi aliingilia wapi?”

Tumjibu mbele ya wote, kwa maana wengi wana swali hilo hilo.

Bitcoin ilianza mwaka 2009. Ni pesa ya kwenye intaneti isiyo na benki inayoitunza. Anwani ni kama sanduku la posta: yeyote anaweza kutumbukiza kitu. Ufunguo wa siri ndio mhuri. Ni namba ndefu sana, na pochi nyingi za siku hizi huutoa kwa maneno 12 au 24 yanayoandikwa kwa mpangilio. Kompyuta zinazopitisha malipo ni kama wale wazee wa mji wa Nabothi: hazijui jina lako wala sura yako, zinatazama mhuri tu. Na malipo yakishathibitishwa hakuna ofisi ya kupigia ili yarudishwe.

Basi fikirini kadi ile ilitengenezwaje. Kabla rangi haijapakwa, namba ilichapwa. Kabla ya kuchapwa, ilikuwa ndani ya kompyuta ya yule mtu. Hata vocha za simu tulizokuwa tukikwaruza zamani, kampuni iliyozichapa ilijua namba zake kabla yetu. Rangi humzuia jirani asione. Aliyeipaka alishaona. Mwizi hakuingia popote, mama. Alikuwa ndani tangu siku ya kwanza, akingoja sanduku lijae. Dola 10 aliziacha kwa makusudi.

Wengine wamesema, “Angebadilisha namba ya siri.” Hapo ndipo bitcoin inapotofautiana na pesa za simu. Ufunguo wa anwani haubadilishwi. Kinachowezekana ni kuhamisha pesa kwenda anwani nyingine yenye ufunguo mwingine, tena kabla mwizi hajaamka.

Wala tusidhani wanaoliwa ni wakimbizi tu. Kulikuwa na tovuti iliyowatengenezea watu funguo za sarafu nyingine, iitwayo IOTA. Mwenyewe aliweka nakala za funguo hizo, na Januari 2018 akachukua mali ya wateja, zaidi ya pauni milioni 2. Alikamatwa Oxford, Uingereza, mwaka 2019, na mwaka 2023 akahukumiwa kifungo cha miaka minne na nusu.

Sisi wachungaji tuna sehemu yetu katika jambo hili. Mtu yule tulimpa nafasi asalimie kanisa baada ya ibada. Hatukumwuliza anauza nini. Tumemwomba mama msamaha, na baraza la wazee limekubali kwamba mgeni mwenye biashara hatasimama tena mbele ya madhabahu.

Kwa pesa ya chakula na ya shule, ushauri wetu ni kutoiweka huko kabisa, maana bei yenyewe hupanda na kushuka. Lakini kama ndugu yako hana njia nyingine ya kukutumia, pochi itengenezwe kwenye simu yako, na wewe mwenyewe. Simu itakapoonyesha maneno, yaandike kwa mkono kwenye karatasi. Usiyapige picha. Usiyatume WhatsApp, hata kwa mumeo aliye safarini. Ukiuziwa simu au kifaa ambacho maneno yake yamekwisha kuandikwa tayari, kirudishe, hata kama kimefungwa vizuri namna gani.

Tena kuna mtego unaowanasa vijana: mtu asiyejulikana anakutumia maneno ya pochi yake, “nisaidie kutoa pesa.” Unafungua, unaona dola kweli. Unaambiwa uweke kidogo cha ada. Ukiweka tu, ada yako inachotwa, na zile dola hazitoki. Na hapa tuseme wazi, aliyeingia huko alikwenda kuchota cha mwenzake.

Wenye kadi hizo ambazo bado zina kitu, njoni Ijumaa baada ya maombi ya mchana, msingoje Jumapili. Leteni simu. Kijana wetu wa vyombo vya muziki atawaelekeza namna ya kutengeneza pochi mpya na kuhamisha. Atakaa upande wa pili wa meza, na wakati wa kuandika maneno atatoka nje.