Machicha si Taka

Nazi ikikunwa na kukamuliwa tui, hubaki machicha. Mpunga ukikobolewa, hubaki pumba. Ufuta, zao linalolimwa sana mkoani Lindi, ukikamuliwa mafuta, hubaki mashudu. Je, nyumbani kwenu mabaki haya hutupwa wapi?

Katika kisiwa kama Songo Mnara, karibu na Kilwa Kisiwani, chakula cha mifugo kinachonunuliwa bara hakina budi kuvushwa kwa chombo. Machicha yamo jikoni tayari. Kuku na mbuzi huyala. Lakini machicha peke yake hayatoshi. Yachanganye na pumba, zenye wanga wa kutia nguvu, na mashudu, yenye protini nyingi ya kujenga mwili.

Jihadhari! Machicha mabichi yana maji, kwa hiyo huota kuvu upesi. Kuvu wa aina fulani hutoa sumu iitwayo sumukuvu, nayo huweza kuua kuku. Ukiyaanika machicha yaliyokwisha kuota kuvu, sumu haitoki. Yaanike siku ile ile yalipokamuliwa.

Jaribio
Chukua vikopo viwili. Kimoja kitie machicha mabichi, cha pili machicha makavu kabisa. Vifunike. Vitazame kila siku kwa muda wa siku 4, bila kuonja wala kunusa. Andika uyaonayo. Mwishoni, yafukie machicha yote.

Maswali
1. Kikopo kipi kiliota kuvu kwanza? Kwa nini?
2. Jirani anataka kuwapa kuku wake machicha ya juzi yaliyoota kuvu. Utamshauri nini?