Kuzima moto wa mbabula

Katika Lubumbashi, mwezi wa 6 na wa 7, usiku ni baridi. Watu wanapenda kuota moto wa makala. Lakini mbabula isilale ndani ya nyumba.

Makala yanayowaka yanatoa hewa ya sumu. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Mtu aliyelala haitambui. Inaingia katika damu yake, naye anaweza kufa.

Chakula kikiisha kuiva, mbabula ikae nje, mbali na majani makavu na watoto wadogo. Mtu mzima ashike makala kwa koleo, ayatie katika sufuria ya zamani, aifunike vizuri. Sufuria nayo ikae nje. Moto ukikosa hewa unakufa, na makala yaliyobaki yatafaa kesho. Usimwagie mbabula maji: mvuke utakuunguza.

Majivu meupe yanadanganya: chini yake moto ungali hai. Usiyatupe mpaka yapoe kabisa.

Mtu akiumwa kichwa au akizunguzika karibu na makala, fungua mlango, mtoe nje upesi, uite wakubwa.

Maulizo
1. Kwa nini mbabula isilale ndani?
2. Ndani ya sufuria, moto unakufa kwa sababu gani?
3. Majivu yanadanganya namna gani?