Usalama wa Kemikali Katika Mitambo ya Majitaka: Maswali na Majibu ya Marudio

1. Eleza tofauti kati ya kihatarishi na hatari. (Alama 4)

Kihatarishi ni kitu au hali yenye uwezo wa kuleta madhara. Hatari ni uwezekano wa madhara hayo kumpata mtu, pamoja na uzito wake. Mtungi wa klorini uliofungwa ghalani ni kihatarishi. Kuufungua bila kipumulio ni kuongeza hatari. Maana alama 2, mifano alama 2.

2. Karatasi ya taarifa za usalama wa kemikali ina sehemu ngapi? Taja sehemu inayoeleza huduma ya kwanza na inayoeleza vifaa vya kujikinga. (Alama 3)

Sehemu 16. Huduma ya kwanza ni sehemu ya 4. Vifaa vya kujikinga ni sehemu ya 8.

3. Fafanua sifa tatu za klorini na athari ya kila sifa katika utunzaji wake. (Alama 6)

Sifa alama 1, athari alama 1. Orodha ya sifa pekee hupata nusu.

(a) Gesi ya klorini ni nzito kuliko hewa, takriban mara 2.5. Kwa hiyo hutuama chini. Mdomo wa feni ya kutolea hewa huwekwa karibu na sakafu, na wafanyakazi hukimbilia mwinuko, upande upepo unakotoka.

(b) Klorini ya kimiminika ikigeuka gesi, ujazo wake huongezeka takriban mara 460. Kwa hiyo kimiminika kinachovuja ni hatari kuliko gesi inayovuja. Ikiwezekana, mtungi hugeuzwa ili tundu liwe juu, itoke gesi badala ya kimiminika.

(c) Klorini ikikutana na maji hutengeneza tindikali inayokula chuma. Kwa hiyo ni marufuku kumwagia maji mtungi unaovuja, kwani tundu litapanuka. Hapa watahiniwa wengi huanguka, kwa kudhani maji hutuliza kila kitu.

4. Eleza namna ya kubaini mahali klorini inapovujia kwenye vali. (Alama 3)

Mfanyakazi aliyevaa kipumulio huchukua chupa laini ya plastiki yenye amonia, huiminya taratibu, na kupitisha mvuke wake kuzunguka vali. Moshi mweupe ukitokea, hapo ndipo inapovuja. Moshi huo ni amoniamu kloraidi. Andika "mvuke wa amonia". Amonia yenyewe haimiminwi juu ya vali.

5. Kwa nini sodiamu haipokloraiti haihifadhiwi pamoja na feriki kloraidi? (Alama 3)

Feriki kloraidi ina asili ya tindikali. Haipokloraiti ikichanganyika na tindikali hutoa gesi ya klorini. Kosa hili hutokea hasa wakati wa kupakua: mpira wa lori unaunganishwa kwenye tangi lisilo lake. Kinga yake ni jina na kufuli kwenye kila mdomo wa kupokelea, na viungio visivyoingiliana.

6. Tofautisha klorini na hidrojeni salfaidi. (Alama 6)

Klorini ina rangi ya kijani-njano. Hidrojeni salfaidi haina rangi. Klorini haiwaki, lakini huchochea mwako; hidrojeni salfaidi huwaka. Klorini huletwa mtamboni. Hidrojeni salfaidi huzalishwa na bakteria ndani ya majitaka yaliyokosa oksijeni. Kwa hiyo hata mabwawa kama ya Vingunguti, Dar es Salaam, yanayotegemea jua na bakteria, hayajaepukana nayo.

Sharti litajwe: hidrojeni salfaidi hunuka kama yai bovu ikiwa kidogo, lakini ikikaribia sehemu 100 kwa milioni pua huacha kuisikia. Harufu ikipotea haimaanishi gesi imeisha. Pua si kipimo.

7. Mwenzako ameanguka ndani ya chemba. Panga hatua za kuchukua. (Alama 10)

Mfuatano una alama. Hatua moja, alama 2.

Kwanza, usishuke. Pili, piga king'ora na uite timu ya uokoaji. Tatu, kama amevaa mkanda wa mwili wenye kamba, mvute kwa winchi ukiwa juu. Nne, sukuma hewa safi ndani kwa feni isiyotoa cheche, kwa sababu methani huanza kuwaka ikifika asilimia 5 ya hewa. Tano, pima hewa kutoka juu: oksijeni kwanza, kisha gesi zinazowaka, kisha gesi zenye sumu. Ndipo mwokoaji aliyefunzwa ashuke, akiwa na kipumulio chenye mtungi wa hewa.

Usiandike "barakoa". Barakoa yenye kichujio huchuja hewa iliyopo; haiongezi oksijeni. Oksijeni ikiwa chini ya asilimia 19.5, kichujio hakimsaidii aliyekivaa.

Jibu linaloanza na "nitashuka kumwokoa" hupata sifuri katika swali zima, hata kama hatua nyingine ni sahihi. Chembani, anayeshuka bila kipumulio huwa maiti ya pili.