Ajali Moja Isizae ya Pili: Kijitabu kwa Mfugaji Aliyefiwa na Ng'ombe

Kwa nini kijitabu hiki

Ng'ombe hafi kwa maradhi tu. Hutumbukia kisimani, huzama kwenye josho, hugongwa na lori akivuka barabara jioni, hupigwa na radi, hula machipukizi ya mtama, humeza mifuko ya plastiki. Kwa familia inayotegemea maziwa, plau na ada ya shule kutoka zizini, kifo cha ng'ombe mmoja ni pigo zito.

Hata hivyo, hasara kubwa zaidi mara nyingi huja baadaye. Mtu hushuka kisimani kumwokoa ndama, naye hapandi tena. Nyama ya mzoga hugawiwa majirani, kisha watu wanaugua. Mtamba hununuliwa kwa haraka ili kujaza pengo, naye anaingiza ugonjwa zizini. Ajali yenyewe huenda haikuzuilika. Haya yanayofuata yanazuilika.

Saa ya kwanza: linda watu, kisha walio hai

1. Usishuke kisimani wala shimoni. Hewa ya chini inaweza kukosa oksijeni na kumlegeza mtu kabla hajapiga kelele. Ita watu wenye kamba na uzoefu.
2. Radi ikiendelea kupiga, baki ndani. Ukiona waya wa umeme umeanguka, usiukaribie wala usimguse ng'ombe aliye karibu nao.
3. Ondoa kundi mahali palipotokea kifo. Kama waliobaki walikuwa wakila mtama mchanga, majani ya mihogo au pumba zilizomwagikiwa dawa ya kupe, watoe mara moja.
4. Mpigie simu afisa mifugo au daktari wa mifugo. Mweleze walichokula, saa ngapi, na dalili ulizoziona. Kama ni dawa, hifadhi chupa yenye lebo.

Wanaoweza kuokolewa

*Tumbo kujaa gesi.* Ubavu wa kushoto huvimba na kukaza, ng'ombe akahema kwa shida. Msimamishe miguu ya mbele ikiwa mahali pa juu kuliko ya nyuma. Kama tumbo limejaa povu, kwa mfano baada ya kula malisho mabichi ya jamii ya mikunde kwa wingi, nusu lita ya mafuta ya kula humsaidia ng'ombe mkubwa. Mnyweshe taratibu kupitia pembeni mwa mdomo, kichwa kisiinuliwe sana, yasije yakaingia mapafuni. Kutoboa tumbo ni kazi ya mtaalamu, au ya mfugaji aliyefundishwa akiona mnyama anakata roho.

*Sumu ya mtama.* Mtama mchanga, au uliochipua upya baada ya ukame, unaweza kuwa na sianidi. Ng'ombe huhema haraka, hutetemeka na kuanguka, na anaweza kufa ndani ya dakika chache. Dawa ya sindano ipo, lakini daktari lazima awahi. Usiwakimbize walioathirika.

Je, kweli ni ajali?

Hapa ndipo wengi hukosea. Ng'ombe aliyelala mzima na kukutwa amekufa asubuhi baada ya mvua husemwa kuwa kapigwa na radi. Lakini kimeta nacho huua ghafla. Ukiona damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani, mdomoni au sehemu ya haja kubwa, au mzoga ukivimba upesi bila kukakamaa, chukulia kuwa ni kimeta. Na hata dalili hizo zisipoonekana, kifo cha ghafla usichokishuhudia hakitakiwi kuitwa ajali kabla ya mtaalamu kufika.

Usichune, usipasue, usigawe nyama. Vijidudu vya kimeta vikikutana na hewa hujifunga kwa ganda gumu na kuweza kudumu ardhini kwa miongo ya miaka. Kisu kimoja leo kinaweza kuchafua malisho ya wajukuu. Zuia mbwa na watoto, kisha mzoga uteketezwe au uzikwe kwa kina, mbali na maji, kwa maelekezo ya afisa.

Hata kifo kikiwa cha sumu au cha kuzama, mzoga si kitoweo. Ng'ombe aliyevunjika mguu lakini yu hai ni jambo tofauti: anaweza kuchinjwa baada ya kukaguliwa, mradi hana dawa mwilini.

Siku zinazofuata

*Mchungaji.* Mara nyingi ni kijana, naye ameshuhudia kifo kile. Akipigwa leo, kesho atamficha ng'ombe anayeugua. Muulize kwa upole kilichotokea; ndiye shahidi wako mkuu.

*Andika.* Tarehe, mahali, umri wa mnyama, sababu, picha. Kama una bima, toa taarifa mapema na usome inacholipia. Bima ya kiashiria iliyoanza Marsabit, Kenya, mwaka 2010 hupima ukame kwa picha za setilaiti; haimlipi mtu ambaye ng'ombe wake kaanguka bondeni.

*Pokea msaada.* Wafugaji wamejua tangu zamani kwamba mtu hainuki peke yake. Waborana wa Kenya na Ethiopia wana busa gonofa, utaratibu wa ukoo kumchangia mifugo aliyepoteza yake. Anayekaa kimya kwa aibu hujinyima haki yake.

*Usinunue kwa pupa.* Mnyama mgeni atengwe wiki tatu hadi nne kabla ya kuchanganywa na wenzake.

Kagueni boma wiki hii

- Visima na mashimo yana kingo au vifuniko?
- Misumari, waya na mifuko ya plastiki imeokotwa?
- Dawa ya kupe imefungiwa mbali na chakula?
- Ng'ombe hunywa maji na kupumzika kabla ya kuogeshwa, wasije wakanywa maji ya josho?
- Mvua ikinyesha, kundi huondolewa chini ya mti uliosimama peke yake na kando ya uzio wa waya?
- Namba ya afisa mifugo imeandikwa mahali ambapo kila mtu nyumbani, pamoja na mchungaji, anaiona?

Pitieni maswali haya na familia nzima. Kila jibu la "hapana" lipewe mtu wa kulirekebisha na siku ya kulimaliza.